Vyeo vya kiwandani vinatoka uzalishaji, nasi wanawake tunapelekwa mezani na maabara: tufanyeje?

Binti Nyegezi (mwanzisha mada)

Ndugu wadau, habari za jioni. Naleta kwenu jambo lililonikaa moyoni muda mrefu, na naamini wengi wenu, hata msiofanya kazi za samaki, mtalitambua mara moja.

Ninafanya kazi katika kiwanda kimoja cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Nilisomea uchakataji wa samaki na udhibiti wa ubora katika chuo cha uvuvi cha Nyegezi, nikaajiriwa kitengo cha ubora, na mpaka leo nipo kitengo hicho hicho. Kwa asiyewahi kuingia kiwandani, kazi hupangwa hivi: samaki hufika mapokezi, hupimwa uzito na joto, hupelekwa kwa wakataji wanaotenga minofu na mifupa, ngozi hutolewa, kisha minofu hupita kwenye meza ndefu ambako kingo husawazishwa na mafuta na mabaki ya miiba huondolewa, ndipo hupangwa kwa madaraja, hufungashwa na kuingizwa kwenye baridi. Ukisimama mlangoni zamu ya mchana utauona mgawanyo bila kuelezwa na mtu. Mapokezi, ukataji, mitambo ya barafu na vyumba vya baridi ni wanaume watupu. Meza za kusafisha minofu, ufungashaji na maabara ni sisi. Hakuna waraka ulioandika hivyo. Msichana mwenye cheti cha kidato cha nne hufika getini siku moja na mvulana mwenye cheti kama chake, wamepanda daladala moja kutoka Igoma, na kabla ya saa nne asubuhi yeye ameshapewa kisu kidogo na kuelekezwa mezani, mwenzake ameshapewa koti zito na kupelekwa mapokezi. Mwisho wa mwezi wa kwanza mshahara wao ni mmoja.

Tofauti huja baadaye, na ndiyo inayonifanya niandike. Msimamizi wa zamu huteuliwa kutoka mapokezi au ukataji, kwa maelezo kwamba huko ndiko uzalishaji wenyewe uliko. Mkuu wa uzalishaji huteuliwa miongoni mwa wasimamizi wa zamu, na anayefikiriwa kuwa meneja wa kiwanda ni yule aliyewahi kuwa mkuu wa uzalishaji. Aliyepelekwa mezani siku ya kwanza, hata awe hodari namna gani, atafikia kuwa kiongozi wa meza na kuishia hapo; aliye maabara, akijitahidi sana, atakuwa mkuu wa ubora. Kwa hiyo ikifika siku ya kupandisha watu vyeo, wakubwa wanaweza kusema kwa dhamiri safi kabisa kwamba hapakuwa na mwanamke mwenye sifa, kwa sababu sifa zenyewe zilikwisha kugawanywa miaka mingi nyuma, asubuhi ya siku ya kwanza, na mtu ambaye pengine hakulifikiria jambo hilo hata dakika moja.

Mimi yamenikuta hivi. Msimamizi mmoja wa zamu ya mchana alipoondoka nilipewa barua ya kukaimu nafasi yake, nikaikaimu kwa miezi kadhaa sambamba na kazi yangu ya ubora, na ripoti za kila zamu ziliondoka na saini yangu. Mwezi uliopita tuliitwa kwenye kikao kifupi tukatangaziwa kuwa nafasi amepewa kijana ambaye mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha kuchoma kipimajoto katikati ya mnofu na kujaza fomu za ufuatiliaji. Ni mchapakazi na sina neno naye. Nafasi haikuwahi kutangazwa. Nilipouliza kwa heshima, nilijibiwa kwamba sina uzoefu wa zamu za usiku, na kwamba kwa kuwa nina mtoto mdogo, uongozi umenionea huruma. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama naweza kufanya kazi usiku, na jina langu halijawahi kuwekwa kwenye orodha ya usiku.

Kinachoniumiza zaidi ni kuona ubora ukihesabiwa kuwa kazi ya pembeni. Wakongwe wa sekta hii hawajasahau mwaka 1999, Umoja wa Ulaya uliposimamisha ununuzi wa samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu iliyokuwa ikitumiwa na baadhi ya wavuvi, na kabla ya hapo tulikuwa tumeshafungiwa kwa sababu ya kipindupindu. Soko lilifunguliwa tena kwa kazi ya maabara na kumbukumbu zilizojazwa vizuri, na hadi leo shehena haiondoki mpaka watu wa ubora waikubali. Iweje basi mtu mwenye mamlaka ya kuzuia shehena nzima asemekane hana uzoefu wa kusimamia watu?

Naomba kujua kama sheria inagusa suala la kupangiwa kitengo au inahusu mshahara peke yake, na kama kukaimu kunanipa haki yoyote. Na kwa kina mama na dada mliofanikiwa kuvuka kutoka mezani au maabara kwenda uzalishaji, naomba mniambie mlivukaje.

Mzee wa Zamu, Igogo

Dada, pole kwa yaliyokukuta. Mimi ni msimamizi wa zamu katika kiwanda kingine, na nitasema ninayoyaona nikiwa kazini. Samaki hawana ratiba. Boti ya barafu ikichelewa kutoka visiwani, au gari likiharibika njiani, mzigo utaingia saa sita au saa nane za usiku na lazima ukatwe usiku huo huo, maana barafu ikiyeyuka hasara ni ya kiwanda kizima. Msimamizi asiyeweza kuitwa wakati huo atawategemea wenzake, na wenzake watachoka. Wanawake tunaowaita usiku wengi hukataa, na wachache wanaokubali huomba kurudi mchana baada ya muda mfupi. Nchi yetu ina Rais mwanamke tangu Machi 2021, kwa hiyo sidhani kama yupo mtu hapa anayeamini kuwa mwanamke hawezi kuongoza. Mimi tatizo ninaloliona ni saa za kazi, wala halihusiani na jinsia ya mtu.

Mama Pasiansi

Kaka yangu wa Igogo, umesema kwa adabu nami nitakujibu kwa adabu. Ni kweli wengi hukataa zamu ya usiku. Umewahi kuwauliza sababu?

Mimi ni msimamizi wa zamu, na nilianzia mezani. Hapo zamani kwetu zamu ya usiku ikiisha saa tisa, gari la wafanyakazi lilikuwa haliondoki mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Wanaume walikuwa wakijilaza juu ya maboksi stoo kusubiri kuche, au wanatembea kwa makundi kushuka mjini. Mwanamke anayeishi Buhongwa au Kisesa alikuwa na njia mbili: kukaa macho hadi asubuhi katika jengo lenye wanaume watupu, au kupanda bodaboda saa tisa usiku na mtu asiyemjua. Chumba cha wanawake cha kubadilishia nguo kilikuwa kikifungwa jioni, na ufunguo unaondoka na mtunza stoo wa mchana, kwa hiyo ukilowa maji ya barafu unabaki na nguo hizo hizo zilizolowa. Orodha ya zamu ilikuwa ikibandikwa jioni kwa ajili ya kesho yake. Mama mwenye mtoto anayenyonya angempangia nani wa kumlaza mtoto kwa taarifa ya saa chache?

Alikuja meneja mmoja akatuita, akatusikiliza, akabadilisha mambo hayo: gari likaanza kuondoka zamu inapoisha, ufunguo ukabaki kwa mlinzi wa ndani, na orodha ikaanza kutoka wiki mbili kabla. Hakuna aliyelazimishwa. Wanawake wale wale waliokuwa wakikataa walianza kujiandikisha, wengine wakiufuata usiku kwa ajili ya nyongeza yake, na wengine kwa sababu walitaka kupanda kama mimi.

Sasa nikujibu wewe Binti Nyegezi, jinsi nilivyovuka. Niliandika barua ya kuomba kuhamishiwa mapokezi, kwa cheo kile kile na mshahara ule ule, nikaeleza kuwa nataka kujifunza kazi. Nilikataliwa mara ya kwanza, nikaandika tena. Mapokezi nilijifunza kumsoma sangara kwa macho na vidole, yaani mashavu yake, jicho lake, ugumu wa nyama ukiibonyeza, na harufu anayoitoa ukimfunua tumbo. Hayo si magumu kwa mtu aliyekaa ubora, na wewe utayajua kuliko nilivyoyajua mimi. Ugumu ulikuwa kwa mawakala wanaoleta samaki. Nikikataa kreti za samaki waliolegea, wakala alikuwa ananipita kama vile sipo na kwenda kumtafuta "bosi mwenyewe", na vijana waliokuwa chini yangu walikuwa wakisimama kando kuangalia nani atashinda. Siku moja meneja alishuka mwenyewe kwenye jukwaa la kupokelea, mbele ya mawakala wote, akasema kwamba mzigo usio na saini ya huyu mama haulipwi, kisha akarudi ofisini kwake bila kuongeza neno. Kuanzia siku hiyo nilifanya kazi. Ninalisema hili kwa sababu tunaambiwa kila mara tujiamini, tujitume, tujiongeze. Nilikuwa najiamini tangu mwanzo, ila mamlaka niliyopewa kwa barua hayakuwa yakitambuliwa mpaka aliyenipa aliposimama hadharani akayathibitisha.

Kuhusu Rais kuwa mwanamke, nafurahi kama mnavyofurahi ninyi. Lakini hata kabla yake mkoa huu ulimtoa Mama Getrude Mongella, mzaliwa wa Ukerewe, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake uliofanyika Beijing mwaka 1995, na baadaye akawa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Binti aliyezaliwa kisiwani humo humo mwaka ule wa Beijing leo yuko mezani kwetu na kisu kidogo mkononi. Mtu mmoja kufika juu kunatupa moyo, lakini orodha ya zamu inaandikwa na mtu mwingine kabisa.

Katibu wa Tawi

Dada Binti Nyegezi, nijibu upande wa sheria, kwa kuwa nimeshughulikia malalamiko ya wafanyakazi wa viwandani kwa muda nikiwa kiongozi wa chama.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inamtaka kila mwajiri akuze fursa sawa na ajitahidi kuondoa ubaguzi katika sera na taratibu zake za ajira. Wengi wakikisoma huishia kwenye orodha ya misingi iliyokatazwa, ambayo ni ndefu na inataja jinsi, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa na majukumu ya familia. Soma mbele kidogo. Kifungu hicho hicho kinafafanua maana ya sera na taratibu za ajira, na humo yamo mambo ya upangaji wa kazi, mafunzo, tathmini ya utendaji na upandishaji vyeo, pamoja na ujira. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni kwamba sheria inagusa hata kile kitendo cha asubuhi ya siku ya kwanza, cha kumpeleka huyu mezani na yule mapokezi kwa kuangalia jinsi yake. Mwajiri anaweza kutofautisha watu kwa sifa ambazo kazi yenyewe inazihitaji, na hilo halihesabiwi kuwa ubaguzi, lakini itabidi aeleze ni sifa gani ya mapokezi ambayo Mama Pasiansi hana.

Pili, walipokwambia kuwa wamekuonea huruma kwa kuwa una mtoto mdogo, wametaja kwa kinywa chao msingi mmoja wa ile iliyokatazwa. Kama wamesema kwa mdomo tu, waandikie barua ya kistaarabu inayoanza kwa kurejea mazungumzo yenu ya tarehe fulani, uyaweke maneno yao kama walivyoyasema, na uombe wakusahihishe kama umeyanukuu vibaya. Barua hiyo itakusaidia sana, kwa sababu katika mashauri ya ubaguzi mfanyakazi akishaonyesha kwa mtazamo wa awali kwamba kuna ubaguzi, mzigo wa kuthibitisha humhamia mwajiri, naye ndiye atakayetakiwa kuonyesha kuwa haukufanyika au kwamba uamuzi wake haukutokana na misingi hiyo.

Tatu, usiku. Kwa sheria hiyo usiku ni kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na anayefanya kazi saa hizo anastahili nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Wanawake hawakukatazwa kufanya kazi usiku. Aliyelindwa ni mjamzito katika miezi miwili kabla ya tarehe anayotarajiwa kujifungua, au mapema zaidi kwa cheti cha daktari, na mama katika miezi miwili baada ya kujifungua. Nje ya hapo, kumwondoa mwanamke kwenye orodha ya usiku bila kumuuliza ni uamuzi wa mwajiri mwenyewe, asiutie kwenye sheria. Anayenyonyesha ana haki ya hadi saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi kwenda kumnyonyesha mtoto, na likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baada yake anarudi kwa masharti yale yale aliyoyaacha. Baba kwa kawaida ana siku 3 tu. Nami naona hapo sheria yenyewe imesaidia kujenga mawazo ya kwamba mtoto ni wa mama peke yake. Sijawahi kusikia msimamizi wa kiume akinyimwa zamu kwa huruma kwa sababu mkewe amejifungua.

Kukaimu peke yake hakukupi haki ya kuthibitishwa, nisikudanganye. Thamani yake ni kuwa ushahidi. Tunza ile barua na nakala za ripoti ulizosaini, kwa sababu mtu aliyeachiwa zamu kwa miezi hawezi kuambiwa baadaye kwamba hana uwezo wa kusimamia zamu.

Mambo yakishindikana ndani, mlango ulio wazi ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo ina ofisi hapa Mwanza na haitozi ada. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30, na migogoro mingine, ikiwemo huu wako, ndani ya siku 60. Huanza na usuluhishi, ambapo pande mbili hukaa na msuluhishi, na mashauri mengi ninayoyafahamu yameishia hapo kwa makubaliano. Wengi wanakosa haki kwa kungoja kwanza waone kama uongozi utabadili mawazo, na siku zinapita.

Kibarua wa Getini

Naomba niongeze jambo ambalo wenzangu hamjaligusa, na sisi wa chini ndilo tunaloishi nalo. Ninyi mna barua za ajira. Mezani tupo wengi tunaochukuliwa kwa siku. Asubuhi tunasimama getini, kiongozi anatoka na karatasi, anasoma majina, asiyesomwa anarudi nyumbani. Anayeandika majina hayo ni mwanamume mmoja, na hakuna anayemuuliza ameyapataje. Wapo walioambiwa waziwazi wafanye nini ili majina yao yasomwe kila siku, au ili wapelekwe kwenye ajira ya kudumu. Aliyekataa jina lake lilipotea, na aliyekubali akipanda, wote mezani wanasema amepanda kwa njia hiyo, hata kama angestahili kwa kazi yake. Ndiyo maana wengine wetu hatutaki hata kutajwa kwenye mambo ya vyeo. Nauliza kama kuna mahali pa kulipeleka jambo hili bila mtu kupoteza kibarua chake.

Katibu wa Tawi

Dada yangu, asante kwa ujasiri wako. Jambo hilo ni kosa la jinai, linaitwa rushwa ya ngono, na limeandikwa katika kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Kosa ni la yule mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe ajira, cheo au haki yoyote. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapokea taarifa, na mtoa taarifa anaweza kuomba jina lake lisitajwe. Ni vema kuwaona kabla ya kumpa mhusika jibu lolote na kabla ya kufuta ujumbe wa simu, maana ujumbe huo ndio utakaohitajika. Pia zungumza na viongozi wa tawi ili orodha ya getini iandaliwe na zaidi ya mtu mmoja na ibandikwe ukutani. Hilo linaweza kudaiwa hata kesho, bila kumtaja mtu yeyote.

Rasilimali Watu Ilemela

Nimesoma yote kwa makini. Nipo upande wa rasilimali watu, ninaandaa vikao vya kupendekeza majina, na nadhani itasaidia mkijua jinsi majina hayo yanavyopatikana.

Nafasi ikiwa wazi, mkuu wa uzalishaji huja na jina. Kwa kawaida ni mtu anayemwona kila siku, na anayemwona kila siku ni wa mapokezi au ukataji. Wakuu wengine hawana sababu ya kupinga, kikao kinaisha kwa dakika chache, na mimi naandika muhtasari. Katika vikao nilivyokaa sijasikia mtu akisema mwanamke hafai. Kinachosemwa ni kwamba fulani "anaaminika usiku", na maneno hayo mawili yanatosha kufunga mjadala. Kwangu tulianza kwa kutaka kila nafasi ibandikwe kwenye ubao wa matangazo pamoja na sifa zake, halafu tukaanza kuzichambua sifa zenyewe. Penye "uzoefu wa uzalishaji" tuliweka uzoefu wa kusimamia watu na kufuata viwango vya usalama wa chakula, na hapo watu wa maabara na viongozi wa meza wakaanza kuomba. Waajiriwa wapya sasa wanazungushwa vitengo vyote katika miezi ya mwanzo. Hilo la kuwazungusha lilipingwa kuliko yote, kwa sababu linapunguza kasi ya kazi, na bado tunalipigania.

Nitofautiane kidogo na Katibu. Haki ya kwenda Tume ipo na isipotee, lakini dada huyu bado yupo kazini na anataka kubaki. Ningeanza na barua ya kuomba vigezo vilivyotumika, tathmini yake ya utendaji, na mpango wa kumwingiza kwenye zamu za usiku akiwa tayari. Mwajiri mwenye busara atakaa chini ajibu, na asiyejibu atakuwa ameacha ushahidi. Halafu, kwa wanaopata nafasi, Chama cha Waajiri kina programu ya Mwanamke Kiongozi inayoandaa wanawake kwa nafasi za juu. Ni mafunzo mazuri. Huzuni yangu ni kwamba mtu hurudi na cheti akaikuta orodha ya zamu ni ile ile, na kampuni inadhani imeshamaliza wajibu wake kwa kulipa ada.

Mzee wa Zamu, Igogo

Mama Pasiansi, nimeuliza leo kazini kama ulivyotaka. Gari letu huondoka saa kumi na moja na nusu asubuhi, na zamu huisha saa nane usiku. Niliowauliza wote walitaja gari kabla ya kutaja mtoto au mume. Nimemwomba msimamizi wa usafiri tukutane wiki hii, na ningependa kujua ninyi mlilipaje mafuta ya safari ya pili, maana ndilo swali la kwanza nitakaloulizwa.

Mama Pasiansi

Kaka, hapakuwa na safari ya pili. Gari lilihamishwa saa tu: linapeleka watu wa usiku zamu inapoisha, linalala kwa dereva, na asubuhi linawachukua wa mchana likiwa njiani kuja. Kilichoongezeka ni posho ya dereva. Mwulize meneja wako kreti ngapi hushushwa daraja kila mwezi kwa sababu ya upungufu wa watu usiku, halafu aweke gharama hizo mbili kwenye karatasi moja.

Binti Nyegezi (mwanzisha mada)

Wabeja sana, ndugu zangu wote. Nimeamua kuandika barua, na nitafuata mpangilio alionipa wa Ilemela: vigezo, tathmini yangu, na ombi la kuwekwa kwenye zamu za usiku na mapokezi. Nitarejea pia mazungumzo yale ya huruma, kama Katibu alivyoshauri. Viongozi wawili wa meza wamesema nao wataandika zao za kuomba mapokezi, na hilo limenipa nguvu, kwa sababu nilikuwa nimeanza kulichukulia kama jambo langu binafsi.

Nina swali moja lililobaki kwa Katibu. Zile siku 60 zinahesabiwa tangu siku tulipotangaziwa msimamizi mpya, au tangu siku uongozi utakaponijibu barua?

Katibu wa Tawi

Hesabu tangu siku mlipotangaziwa, uwe upande wa usalama. Ukichelewa unaweza kuomba kuongezewa muda, lakini utatakiwa kutoa sababu nzito, na kusubiri jibu la barua huenda kusikubalike. Kwa hiyo katika barua yako wape tarehe ya kujibu, isizidi wiki mbili, ili ubakiwe na muda wa kutosha. Toa nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, ubaki nayo nyumbani, usiiache kwenye kabati la kazini.